Swali la Reino

Duluth, 9 Januari 2018

Mwalimu wangu Aili,

Shikamoo. Naandika kwa mkono kama ulivyoamuru, kwa hiyo ukishindwa kuusoma mwandiko wangu ujilaumu mwenyewe, wewe ndiye uliyenifundisha darasa la nne. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za mgongo wako ukanijibu habari za paka.

Kwenye kifurushi hiki kuna kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta ya makumbusho. Ndani yake mna lile dirisha nililokuahidi. Programu ya marehemu mumeo, Mzee Reino, iko vilevile, sijagusa hata herufi moja. Ila badala ya ile skrini nyeusi uliyokuwa unaichapia amri kwa vidole vyako vinavyouma, sasa utaona dirisha la kijivu lenye visanduku. Hapa jina la msemaji, hapa tarehe, na chini kitufe kikubwa kilichoandikwa HAMISHA. Ukikibonyeza, sauti inatoka kwenye kadi ya kinasa sauti, inanakiliwa kwenye kompyuta, kelele zinasafishwa, kisha kadi inafutwa ili itumike tena. Basi, umemaliza.

Nisijisifu bure. Siku hizi kuna programu inayosoma programu nyingine na kuijengea dirisha yenyewe, kila amri inageuka kisanduku. Mimi nilikaa tu nikinywa kahawa. Sasa hata Bev, mwenzako wa hapo makumbusho, ataweza, maana skrini nyeusi anaiogopa kama vile itamng'ata.

Nasikia theluji kwenu imefika madirishani. Tafadhali usipande juu ya paa kuikwangua. Tafuta mtu.

Mwanafunzi wako,
Wesley Kangas


Calumet, 21 Januari 2018

Wesley mwanangu,

Marahaba. Mwandiko wako bado ni wa kuku aliyekanyaga wino. Paa nimeshalikwangua mwenyewe, na sikuanguka, kwa hiyo tuyaache hayo.

Dirisha limefika. Bev alibonyeza kitufe akapiga makofi peke yake kama mtoto. Mimi nimelipenda, vidole vyangu vimelipenda zaidi. Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikirekodi wazee wa huku, na kila mzee mmoja alikuwa ananigharimu jioni nzima ya kuchapa amri. Sasa ni kubonyeza tu.

Ila kuna kitu nakiulizia, na usinicheke. Kwenye skrini nyeusi, kabla kadi haijafutwa, kila kitu kilikuwa kinasimama. Halafu linakuja swali alilolitia Reino mwenyewe: "Aili, umesikiliza mpaka mwisho? Andika jina la aliyesema." Nisipoandika jina, programu haifuti kitu. Tuligombana sana kwa ajili ya swali hilo! Nilikuwa namwambia, we mzee, unaniona mimi mtoto? Naye ananijibu, "Nakuona mtu mwenye haraka." Basi nilikuwa navaa hedifoni, nasikiliza nakala yote mpaka mwisho, ndipo naandika jina. Tangu afe, kila nilipofika pale nilikuwa namjibu kwa sauti. Bev anajua, ameshanizoea.

Kwenye dirisha lako haniulizi. Amekwenda wapi?

Nakutumia mkate wa iliki. Ukifika mgumu, uchovye kwenye kahawa.

Aili Saari


Duluth, 30 Januari 2018

Mwalimu wangu,

Mkate ulifika mgumu kama tofali na nimeumaliza wote.

Mzee Reino hajaenda popote. Swali lake bado limo chini ya dirisha, ila sasa dirisha linalijibu lenyewe. Linahakikisha kwanza kwamba nakala imekamilika, kisha linaendelea. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, wewe bonyeza tu. Habari ya kusikiliza kila kitu mara mbili kwa masikio hayo, iachie mashine.

Wesley


Calumet, 26 Februari 2018

Wesley mwanangu,

Nina furaha mpaka nashindwa kukaa. Lempi Ojala amekubali! Unamkumbuka, yule bibi wa nyumba ya bluu karibu na kanisa, ambaye nyinyi watoto mlikuwa mnamwibia matufaha. Miaka yote nilikuwa namwomba anirekodie maneno yake, naye ananifukuza kwa fagio. Leo ameniita mwenyewe.

Amezungumza mchana kutwa. Amenieleza jiko la bweni alilokuwa anapikia mama yake, wachimba migodi wakiingia kwa zamu, kitanda kimoja kikilaliwa na watu wawili, mmoja akiamka mwingine anaingia kwenye joto lake. Mwisho akaimba wimbo ambao mama yake alikuwa anawabembelezea watoto. Kwa Kifini cha zamani, Wesley, maneno ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia. Sauti nyembamba, lakini haikutetemeka. Binti yake Carol alikuwa jikoni, akaja kusimama mlangoni na taulo mkononi, akalia. Ananiambia hajawahi kuusikia wimbo huo maishani mwake.

Nimerudi makumbusho moja kwa moja, nimeandika jina lake kwenye kisanduku, nimebonyeza kitufe chako. Mara moja, imekwisha. Nilitaka kusikiliza usiku huu huu, nikakumbuka uliniambia niiachie mashine, na kwa kweli nilikuwa nimechoka.

Mungu akubariki, wewe na dirisha lako.

Aili


Calumet, 14 Machi 2018

Wesley,

Lempi amefariki Jumapili, usingizini. Carol ameniomba ule wimbo uchezwe kanisani siku ya mazishi.

Nimekwenda kuufungua. Hamna kitu. Anasikika Lempi akikohoa, anauliza, "Hiki kidude kinanisikia?" halafu basi, kimya. Nimetafuta kwenye kadi, tupu. Bev naye ametafuta. Hamna.

Nimefanya nini, Wesley? Nakumbuka nilibonyeza kitufe kimoja. Nakumbuka hivyo, lakini nikijiuliza sana naona kama sikumbuki. Hebu angalia kutoka huko uniambie. Mazishi ni Jumamosi.

Aili


Duluth, 20 Machi 2018

Mwalimu wangu,

Pole sana kwa msiba, na samahani barua hii itakufikia mazishi yameshapita. Nimeangalia kutoka huku. Kinachoonekana ni kwamba nakala ilikatika katikati. Mara nyingi hali hii hutokea kebo ya kinasa sauti ikichomolewa kabla ya wakati. Huenda ulikuwa na haraka siku hiyo, ni jambo la kawaida kabisa, lingeweza kumpata mtu yeyote. Kilichofutwa hakirudishiki. Nimejaribu.

Tafadhali usijisumbue kwa hili.

Wesley


Duluth, 2 Aprili 2018
(Haikutumwa)

Mwalimu,

Hukuchomoa kebo. Niliiona sababu jioni ile ile niliyopata barua yako. Diski ya kompyuta ya makumbusho ilikuwa imejaa, nakala ikakosa pa kukaa, ikakatika. Na kuiangalia diski hiyo ni kazi niliyoahidi kuifanya mimi.

Hata hivyo sauti ya Lempi ingepona. Swali la Reino lingesimamisha kila kitu, ungevaa hedifoni zako, ungesikia kikohozi na kimya, na kadi ingekuwa bado na wimbo wake. Nakala mbovu si kitu. Kufuta ndiko kulikomaliza.

Lile dirisha halikuwa na mahali pa kuonyesha swali. Programu inayojenga madirisha inajua visanduku vya mwanzo tu. Mashine ikitaka kukuuliza jambo katikati ya kazi, swali linabaki nyuma ambako hakuna anayeliona, na dirisha linaganda. Nilihangaika nalo jioni moja, nikachoka. Nikakuta Mzee Reino alikuwa ameacha njia ya kupita bila kuulizwa, kwa majaribio yake mwenyewe, na pembeni yake ameandika: "Aili asiijue hii." Nikaitumia. Nilicheka, Mwalimu. Niliona ni utani wa mume na mke.

Halafu ukaniuliza amekwenda wapi, nikaona aibu kusema nimemnyamazisha. Nikakuambia dirisha linahakikisha. Halihakikishi kitu chochote. Linasema ndiyo kwa kila


Calumet, 11 Aprili 2018

Wesley mwanangu,

Usijisumbue kuniliwaza. Nimelitazama jambo hili uso kwa uso kama ninavyotazama kila kitu.

Mama yangu alianza hivi hivi. Kwanza funguo, halafu sufuria juu ya moto, halafu siku moja akaniuliza mimi ni binti wa nani. Kama ningekumbuka kuchomoa ile kebo, ningesema ni haraka yangu, Reino alinijua. Lakini sikumbuki kabisa. Naiona siku ile yote, taulo la Carol, theluji kwenye ngazi, kidole changu kwenye kitufe, na kebo haimo. Mkono wangu umefanya jambo ambalo kichwa changu hakijui. Hilo ndilo linalonitia hofu, siwezi kukuficha.

Carol nimemwambia mwenyewe, pale pale kanisani, kwamba nimeifuta sauti ya mama yake. Hakunitukana. Alinishika mkono akasema, "Ni sawa, Aili," na tangu siku ile akiniona dukani anageuza kikapu chake. Simlaumu.

Nimemrudishia Bev funguo za makumbusho. Gari nimeliuza kwa mpwa wangu, maana mtu asiyejua mkono wake umefanya nini asiendeshe gari penye watoto. Daktari amenipima kidogo, akasema labda ni uzee tu, labda ni mwanzo wa kitu, nirudi vuli anipime vizuri. Jikoni nimebandika karatasi kila mahali: ZIMA. FUNGA. UMESHAKULA. Nyumba imekuwa kama darasa langu la zamani, sema mwanafunzi ni mimi.

Nasikiliza sana ukimya siku hizi.

Aili


Duluth, 19 Aprili 2018

Mwalimu wangu,

Nakuomba usiharakishe mambo. Funguo ungebaki nazo. Gari pia. Mtu kusahau kebo si ugonjwa.

Nimewatumia makumbusho dirisha jipya, nimelirekebisha kidogo. Mwambie Bev alitumie hilo, lile la zamani alitupe.

Nakukumbuka kila siku.

Wesley


Calumet, 3 Juni 2018

Wesley mwanangu,

Bev alipita jana na pasti mbili za nyama na viazi akaniambia jambo lililonitoa machozi. Anasema kwenye dirisha jipya, kabla kadi haijafutwa, kinajitokeza kidirisha kidogo: "Aili, umesikiliza mpaka mwisho? Andika jina la aliyesema." Bev anasema hajui aandike nini maana yeye si Aili.

Nimeelewa ulichofanya. Ulikumbuka kwamba nilimuulizia Reino, ukamrudisha ili kunifurahisha mimi mzee. Darasani ulikuwa mtoto wa kuvunja dirisha na kukimbia, nilikuwa nakuhofia. Sasa naona umekuwa mtu mwema. Umekuja kwa kuchelewa kidogo tu, maana mimi sigusi tena mashine zile, lakini hata kujua kwamba bado ananiuliza kule chini kunatosha.

Mpwa wangu ananitafutia chumba kwenye nyumba ya wazee ya Houghton. Sauna yangu, kile kibanda changu cha mvuke, nitaikosa. Mengine nitayazoea.

Ahsante, mwanangu.

Aili


Duluth, 12 Juni 2018

Mwalimu,

Mimi si mtu mwema. Usiende Houghton. Isome barua hii mpaka mwisho hata ukitaka kuichana.

Hukuchomoa kebo. Hakuna kebo iliyochomolewa. Diski ilijaa kwa uzembe wangu, nakala ya Lempi ikakatika, na swali la Mzee Reino ambalo lingekuzuia usifute nilikuwa nimelinyamazisha mimi, kwa sababu sikujua jinsi ya kulionyesha kwenye dirisha na sikutaka kupoteza jioni ya pili. Ulipouliza nikakudanganya kwamba mashine inahakikisha. Lempi alipopotea nikakudanganya mara ya pili. Nilijua tangu Machi. Kumbukumbu yako kuhusu siku ile haina kasoro: kidole chako, kitufe kimoja, basi. Kebo haimo kwa sababu haikuwahi kuwemo.

Kulirudisha swali kulinichukua jioni moja. Hiyo tu. Na sikulirudisha ili kukufurahisha. Nililirudisha nikitumaini utaliona, utajua mwenyewe, nami nisiwe na haja ya kusema. Wewe ukanishukuru. Tangu nipate barua yako sijaweza kula nikashiba.

Nilikuacha ukamwambia Carol kanisani. Nilikuacha ukauza gari. Kila barua yako ilipofika niliiweka juu ya friji nikaizunguka siku nzima kabla ya kuifungua. Sina la kujitetea. Naomba msamaha, na ukininyima nitaelewa.

Wesley


Calumet, 25 Juni 2018

Wesley Kangas,

Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena.

Kwa hiyo sikuwa mimi!

Nitakutukana baadaye, kwanza niache nifurahi. Nimebandua karatasi zote jikoni. Nimewasha sauna nikakaa humo mpaka ngozi ikawa nyekundu, nikamwambia Reino kwa sauti kubwa, umesikia, sikuwa mimi. Nimempigia daktari nikafuta miadi ya vuli. Siendi kupimwa kichwa kwa kosa la mtu mwingine. Jumatatu narudi makumbusho, na nyumba ya Houghton wampe mzee anayeihitaji.

Sasa wewe. Uliniona nikizama ukaniandikia nisijisumbue. Mwoga mkubwa we! Majira yote ya kuchipua nilikuwa nikiamka naogopa mikono yangu mwenyewe. Wimbo wa Lempi ni mali ya Mungu sasa, huo nakusamehe. Lakini hiyo miezi, Wesley, hiyo ilikuwa mali yangu, na kwa umri wangu sina mingine kabatini.

Utamwandikia Carol, leo, kwa mkono, bila kujikosha. Agosti utakuja kupaka rangi sauna yangu, nje na ndani. Na nimekusamehe, ila uanze kuhesabu kuanzia Jumapili, maana leo bado nina hasira.

Mwalimu wako,
Aili Saari


Duluth, 30 Juni 2018

Mwalimu wangu,

Carol nimemwandikia siku niliyopata barua yako. Amenipigia simu akaniambia maneno machache makali, niliyostahili, na akasema atakuja kwako na keki.

Agosti nitakuja. Chagua rangi. Jumapili naanza kuhesabu.

Wesley


Calumet, 9 Julai 2018

Wesley Kangas,

Barua yako ya Juni nimeikuta leo chini ya kopo la iliki. Bahasha imeshafunguliwa, bila shaka ni Bev, nitamsema. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Kwa hiyo sikuwa mimi!

Mwoga mkubwa we! Ulijua tangu Machi ukaniacha niogope mikono yangu mwenyewe! Utamwandikia Carol mara moja. Amepita hapa na keki, sijui kwa nini, alinikumbatia muda mrefu nami nikaona aibu kwa sababu nilimfutia sauti ya mama yake, kumbe! Kesho nitampigia daktari nifute miadi ya vuli, siendi kupimwa kichwa kwa kosa la mtu mwingine. Na utakuja kupaka rangi sauna yangu.

Jikoni mtu ameondoa karatasi zangu zote. Imebaki gundi ukutani.

Nimekusamehe, mwanangu, ila si leo. Anza kuhesabu Jumapili. Ila nijibu haraka, kwa mkono wako, maana nataka kuiweka barua hiyo mahali nitakapoiona kila asubuhi. Ni kweli kabisa? Si mimi?

Aili


Duluth, 13 Julai 2018

Mwalimu wangu Aili,

Shikamoo.

Ni kweli kabisa. Si wewe. Siku ile ulifanya kila kitu sawasawa, na kichwa chako kilikuwa kizima. Kosa ni langu, na uongo uliofuata ni wangu pia.

Carol nimeshamwandikia, anajua yote. Miadi ya vuli imerudishwa. Nimezungumza na Bev, naye amezungumza na daktari. Nitakuja kukuendesha mimi, na tutakaa wote kwenye viti vile vibaya mpaka watuite. Sisubiri Agosti. Nafika Jumamosi ya wiki ijayo na ndoo za rangi na karatasi mpya za jikoni, nitaziandika kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wangu wa kuku.

Barua hii iweke unapotaka. Ikipotea, niulize tena. Ukiniuliza kesho nitakujibu, ukiniuliza theluji ikiwa madirishani nitakujibu, na kila mara nitasema yote tangu mwanzo, mimi mwenyewe. Kukasirika ukasirike upya, ni haki yako. Jumapili nitaanza kuhesabu tena.

Aliyefanya ni mimi,
Wesley Kangas